Bwana Samaki na Ubavu wa Mwanzi

Bwana Samaki hakuwa mtu wa kufika, alikuwa mtu wa kutokea. Unainua kichwa kutoka kwenye redio unayoifungua, na yeye yuko mbele yako, amesimama kimya na kofia mkononi, na hujui amesimama hapo tangu lini. Alivaa raba za kitambaa miaka yote niliyomjua. Viatu vya ngozi alisema vinapiga kelele ardhini, na kazi yake ilikuwa na viumbe wanaosikia ardhi.

Alipokwenda kukagua bwawa, baiskeli aliiegesha mbali, akaimalizia njia kwa miguu, akikanyaga taratibu kama anayepita chumba cha mgonjwa. Aliyekuja naye akakanyaga kwa kishindo alikemewa papo hapo.

"Unawagonga," alisema. "Hujafika, wameshakujua. Wameshajua una kilo ngapi."

Jina lake la ubatizo nalijua, ila sikuwahi kulitumia, na sidhani kama kuna mtu mjini aliyelitumia nje ya kanisa. Alikuwa ofisa uvuvi wa serikali hapa Songea, mji usio na ziwa wala bahari, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akiwafundisha watu kuchimba mabwawa na kufuga perege. Mwenzake wa mashamba aliitwa Bwana Shamba, naye akawa Bwana Samaki.

Mimi nilikuwa fundi redio. Kwetu ni Kilosa, nilikuja Songea kumfuata mjomba wangu, nikapata kibanda mtaa wa Majengo, nikabaki. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Malori yalikuwa yanashusha redio kaseti mpya kutoka Dar es Salaam, na kila nyumba iliyopata redio kaseti ililiona gramafoni la zamani kama takataka. Watu waliniletea magramafoni yao kama wanaoleta maiti kuzika. Nikayajaza chini ya meza. Ni hayo yaliyomleta Bwana Samaki kwangu.

"Shikamoo mzee," nilimwambia siku hiyo, baada ya kushtuka.

"Marahaba. Fundi, kile kidude kinachoshika sindano ya santuri, unavyo vingapi?"

"Vipo vingi. Unataka kufufua gramafoni?"

"Nataka kumi na kimoja. Vilivyo hai."

"Vya kazi gani, mzee?"

"Nataka kutengeneza ubavu wa samaki."

Nilicheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Aliondoka, na kesho yake alirudi na perege mbichi amemfunga kwenye jani la mgomba. Akamlaza juu ya meza yangu, katikati ya nyaya na bisibisi, akaniwekea kidole changu ubavuni mwa samaki yule.

"Unaona mstari huu? Kuanzia nyuma ya shavu mpaka mkiani."

Niliuona. Miaka yote nimekula samaki, sikuwahi kuuona: mstari mwembamba, kama mshono wa nguo.

"Hiyo ni safu ya matundu madogo," alisema. "Ndani ya kila tundu kuna vinyweleo, vimezama kwenye utelezi. Maji yakisogea, vinyweleo vinainama. Vikiinama, samaki anajua kitu kinatoka wapi, kinakwenda wapi, ni kikubwa kiasi gani. Gizani, kwenye tope, popote. Samaki haoni maji, fundi. Anaguswa nayo."

Nikamwelewa kwa upande wangu. Kile kidude cha gramafoni nacho kina kijiwe ndani yake. Sindano ikitikisika, kijiwe kinatoa umeme kidogo mno, na umeme huo ukiukuza unapata sauti. Kama sindano inaweza kutikiswa na mfereji wa santuri, kwa nini isitikiswe na maji? Nilimwangalia tena perege yule. Nadhani hapo ndipo nilipoacha kumcheka.

Kwa kweli alikuwa na mambo ya kuchekesha. Alizungumza juu ya samaki kama mtu anayezungumza juu ya shemeji zake, kwa heshima na kwa utani, na bado aliwala kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Alimla kambale kuanzia kichwani, akafyonza mifupa mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani. Nilipomuuliza kama haoni vibaya, alisema samaki mwenyewe hana huruma hiyo na wenzake.

Aliimba besi katika kwaya ya kanisa, na masikio yake yalikuwa yanakufa. Kwaya iliponyamaza, yeye aliendelea peke yake kidogo, mpaka mwenzake alipomgusa bega. Mimi ni Mwislamu, habari hizo niliambiwa. Walisema padri alishazoea kumngoja. Viziwi wengi hupaza sauti. Yeye, kadiri alivyopoteza masikio, ndivyo alivyozungumza polepole na kwa chini zaidi, mpaka ikawa wewe mwenye masikio ndiye unayeinama kumsikiliza.

Nyumbani kwake nyuma ya jiko kulikuwa na birika la saruji, na ndani yake kambale mmoja mkubwa asiye na macho. Si kwamba alikuwa amefumba. Mahali pa macho palikuwa na ngozi tu, laini, kama hayakuwahi kuwapo. Bwana Samaki alisema alimtoa hivyohivyo kwenye bwawa la mtu, hakujua kama ni ugonjwa au alizaliwa hivyo. Aliniambia nichovye kidole upande wowote wa birika bila kugusa saruji. Nilichovya upande wa mbali kabisa. Kambale alikuwa ametulia chini. Aligeuka, kichwa kikanielekea. Nikakisogeza kidole kushoto, polepole sana. Kichwa kikafuata. Nikakisogeza kulia. Kikafuata. Nilikuwa natazamwa na kitu kisicho na cha kutazamia.

"Toa mkono sasa," alisema Bwana Samaki.

Nilitoa. Kambale alibaki ameelekea pale mkono ulipokuwa, muda mrefu, kama vile mkono bado upo.

"Maji hayanyamazi mara moja," alisema. "Kitu kikishapita, maji yanabaki nacho kidogo."

Tuliutengeneza ule ubavu kwa miezi mingi, siku za Jumapili baada ya yeye kutoka misa. Kila kidude tulikiziba kwa nta ya nyuki na mpira wa baiskeli ili maji yasiingie. Pale penye sindano tulitaka unywele. Tulijaribu singa za mkia wa ng'ombe, zikawa laini mno. Tulijaribu vijiti vya fagio, vikawa vigumu. Mwishowe alileta unyoya wa kanga, akauchonga kwa wembe mpaka ukabaki ule uti wa katikati, mwembamba, unaopinda kwa pumzi. Huo ulifaa. Vidude kumi na kimoja tulivipanga kwenye mti wa mwanzi wenye urefu wa hatua nne, nikavuta waya kutoka kila kimoja hadi kwenye sanduku, na ndani ya sanduku nikaweka kikuza sauti nilichokitoa kwenye redio mbovu. Kulikuwa na swichi ya kuzungusha: namba moja hadi kumi na moja. Ukizungusha haraka, unasikia kitu kinapita kutoka unyoya mmoja kwenda mwingine, na unajua kinakwenda upande gani.

Kwa kuwa masikio yake hayakufaa tena, mimi nilivaa hedifoni. Yeye alichukua spika, akaweka ncha za vidole juu ya karatasi yake, akahisi mtetemo. Ndivyo tulivyofanya kazi siku zote: mimi nasikia, yeye anagusa, kisha tunalinganisha.

Chombo chetu alikipa jina lilelile la siku ya kwanza. "Chukua ubavu," alikuwa akisema, "twende tukajaribu."

Kulikuwa na bwawa moja pembeni ya mji, la kikundi cha akina mama, ambamo vifaranga wa perege walipandwa mara tatu na mara tatu wakatoweka. Hakuna samaki aliyeonekana akielea amekufa. Akina mama walishaanza kutajana majina, nani ana kijicho na nani. Bwana Samaki alitaka ubavu utiwe pale, mchana kweupe, maji yakiwa yametulia, watu wote wakiwa wamekaa chini mbali.

Mwanzoni nilisikia kama kitambaa kinachosuguliwa. Hayo yalikuwa maji yenyewe. Kisha kwenye namba saba nikasikia kitu kingine: vuum, halafu kimya. Vuum, halafu kimya. Nikamwangalia Bwana Samaki. Alikuwa amefumba macho, vidole juu ya spika, anatabasamu.

"Umempata?" aliniuliza.

"Nimempata, mzee. Namba saba. Mzito."

"Yuko chini ya tope. Anapumua."

Wanawake wale walimbishia. Bwawa lilikuwa tupu, walishapitisha wavu. Akawaambia watoe maji yote. Ilichukua siku mbili, na kwenye tope la katikati akatolewa kambale mrefu kama mkono wa mtu mzima, mnene, aliyewala vifaranga wote wa mara tatu. Majina yaliyotajwa hayakutajwa tena. Habari ikasambaa, na watu wakaanza kusema kwamba Bwana Samaki anasikia tope.

Muda si mrefu baadaye alipata barua. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na mji usio na ziwa haukuonekana kuhitaji ofisa uvuvi. Alinionyesha barua hiyo kibandani, akaikunja, akaitia kwenye kofia, akaivaa. Jumatatu iliyofuata nilimwona anapita na baiskeli kwenda kukagua mabwawa kama kawaida. Nilimuuliza anakwenda kama nani.

"Perege hawajapata barua," alinijibu.

Hivyo hakuwa mtu wa serikali tena pale alipokuja mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Lusewa. Mwenyekiti yule alikuwa mtu mzima, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya kanzu. Alikuja kibandani kwangu kwa sababu aliambiwa ndipo Bwana Samaki anapopatikana. Alikaa juu ya gramafoni, akaeleza. Kwenye mto wao kuna mahali maji yanapotulia, pana kama ua wa shule, ndipo wanapochota maji na kuloweka mihogo. Mwanamke mmoja alichukuliwa pale na mamba. Wiki chache baadaye akachukuliwa mwanamume aliyekuwa anavuka na baiskeli kichwani. Tangu hapo mamba hakuonekana, ila watu hawakubali kwamba ni mamba wa kawaida.

"Wanasema ni wa kutumwa," alisema mwenyekiti. "Kuna bibi anaishi jirani na kivuko, peke yake. Wanasema ni wake. Juzi vijana wameng'oa nyasi za paa lake. Nikichelewa, watafanya jambo nitakaloshindwa kulieleza mbele ya mtu yeyote."

"Unataka nini kwangu?" aliuliza Bwana Samaki.

"Nimesikia unasikia tope. Njoo utusikilizie mto."

Tulikwenda na lori la mahindi, ubavu tumeufunga juu ya magunia. Nilimwona yule bibi siku ileile tuliyofika. Alikuwa mdogo wa mwili, amekaa kizingitini, na juu yake nusu ya nyumba ilikuwa wazi, anga inaonekana. Bwana Samaki alimwamkia, akachuchumaa mbele yake ili aweze kumsoma midomo.

"Wanasema mamba ni wangu," bibi alituambia. "Mbuzi wangu wawili kawala. Nimfuge ale mbuzi wangu?"

Kesho yake tuliutia ubavu majini. Wanawake wa kijiji tuliwaomba wakae ukingoni, mbali, wasiingie. Ilikuwa kiangazi, mto umepungua, na pale penye utulivu maji hayakuonekana kwenda popote. Nilikaa na hedifoni tangu asubuhi. Nilisikia vyura. Nilisikia samaki wadogo, kama mvua ya manyunyu. Jua lilipopita utosini, saa saba hivi, samaki wadogo wakanyamaza wote kwa pamoja. Kikafuata kitu kama mlango mzito unaosukumwa haraka na kuachiwa. Namba kumi na moja. Namba kumi. Tisa. Nane. Niliinua mkono, Bwana Samaki akapunga kofia, wanawake wakakimbia juu ukingoni. Hatukungoja sana. Pua na macho mawili vilitokea juu ya maji upande wa juu wa mto, vikatutazama, vikazama.

Mwenyekiti alinikumbatia mbele ya watu. Ikawa wazi kwamba ni mnyama, ana njia yake na saa yake. Siku ya tatu walikuja askari wa wanyamapori, tukawaonyesha upande anaopita na saa anayopita, wakamngoja, wakampiga risasi. Alivutwa nje kwa kamba na watu wasiopungua kumi na watano. Walipompasua walikuta kipande cha kanga. Mume wa yule mwanamke alikichukua, akakifua palepale mtoni, akaondoka nacho.

Yangeishia hapo, ningekuwa nimesimulia habari njema. Lakini mwenyekiti alitaka tusikilize mara moja zaidi, mbele ya kijiji kizima, ili wanawake warudi majini bila hofu.

Siku hiyo ya mwisho ukingo wote ulijaa watu. Yule bibi naye alikuja, akasimama peke yake, na pande zote mbili watu wamemwachia nafasi. Vijana walikuwa wamekaa mbele kabisa, na wengi wao walikuwa na mapanga, maana walitoka shamba, au walisema walitoka shamba. Mmoja wao alisema kwa sauti ya kusikika, "Kama kingine kipo, basi mwenyewe tunaye hapa." Hakuna aliyemkanya.

Nilivaa hedifoni. Bwana Samaki aliweka vidole kwenye spika, akakaa kunielekea. Vyura. Samaki wadogo. Maji yanayosugua. Muda ukapita, nikaanza kupumua vizuri. Kisha samaki wadogo wakanyamaza.

Kilianzia namba moja, ule unyoya uliokuwa karibu na mimi. Hakikuwa kama mamba. Mamba anasukuma haraka, anaacha. Hiki kilisukuma polepole, kirefu, kikapumzika kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa, kikasukuma tena. Namba mbili. Namba tatu. Nilifikiri waya umelegea. Niliinama kuuangalia mwanzi. Pale mwanzo wa mwanzi maji hayakufika kiunoni, na yalikuwa safi, niliona mchanga, niliona majani yaliyozama, niliona unyoya wa nne umesimama wima. Hapakuwa na kitu kingine. Na mbele ya macho yangu unyoya ule uliinama, taratibu, kana kwamba kuna aliyepitisha paja lake pale, ukakaa umeinama, kisha ukainuka. Juu maji hayakuwa na hata kiwimbi kimoja.

Kilikwenda mpaka namba kumi na moja. Kikageuka. Kikaanza kurudi.

Niliinua uso. Bwana Samaki alikuwa ananitazama. Vidole vyake vilikuwa juu ya spika, havijasogea. Tulitazamana hivyo labda kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Nyuma yake niliona yule kijana aliyezungumza, panga limelala mapajani. Niliona bibi amesimama, amekunja mikono kifuani.

Bwana Samaki akainuka, akawageukia watu.

"Maji yametulia," alisema. "Hamna kitu."

Kelele zilizopigwa sijawahi kuzisikia tena. Wanawake walipiga vigelegele, mwenyekiti alivua koti akalizungusha hewani. Mimi nilivua hedifoni kwa sababu kile kitu kilikuwa kimefika tena namba nne na sikutaka kukisikia kikinifikia.

Tulipokuwa tunafungua nyaya, nilimwinamia karibu na sikio lake bora.

"Mzee, mimi nimesikia."

"Najua."

"Sasa mbona umesema..."

"Umeona walichoshika wale vijana?"

"Nimeona. Lakini watu wataingia majini, mzee."

"Hawataingia," alisema.

Lori lilipokuja, hakupanda. Aliniambia nitangulie. Alimwambia mwenyekiti kwamba mvua zikija mamba wengine wanaweza kupanda mto, jambo ambalo ni kweli, na kwamba ni lazima kijiji kijenge uzio wa miti ndani ya maji, wachote na kuloweka humo humo. Na yeye atakaa asimamie. Alikaa mpaka mvua zilipoanza. Alikata miti pamoja nao, akaichomeka mmoja baada ya mwingine, kwanza kando ya nyumba ya bibi. Aliwasimamia pia wale vijana walipoezeka upya paa walilolibomoa. Aliporudi mjini alikuwa amekonda, miguu imepasuka. Ubavu hakurudi nao. Alinikabidhi vidude vyangu kumi na kimoja kwenye kopo la maziwa, akasema ule mwanzi ameuchoma.

Baada ya hapo hatukuzungumza habari ile. Alikuja kibandani, tukanywa chai, tukazungumza juu ya bei ya mbolea na vifaranga. Mwenyekiti nilikutana naye mara mbili tatu akija mjini. Alisema tangu uzio ujengwe hajachukuliwa mtu, na kwamba bibi alikufa kwa uzee wake, kitandani kwake. Nilimshukuru Mungu. Lakini kuna siku nilikuwa nimekaa kazini, kumetulia, na kile kitu kikanijia masikioni, kule kusukuma na kupumzika. Nilichojifariji nacho ni kwamba hatukuwa mtu mmoja. Yeye alikihisi, mimi nilikisikia. Watu wawili hawaoti ndoto moja. Kama kilikuwapo, basi kilikuwa kitu cha dunia hii, ambacho sisi hatukijui tu, na siku moja mtu mwenye vyombo bora atakieleza.

Miaka ilipita. Redio kaseti nazo zikaanza kuletwa kwangu kama maiti. Bwana Samaki alihamia kwa binti yake, upande wa Matogoro, ng'ambo ya kijito, na nikasikia kwamba kisukari kimemkamata vibaya. Nilikwenda kumwona Jumapili moja alasiri. Mvua ilikuwa inanyesha. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alinifungulia mlango, akanipa daftari na kalamu.

"Hasikii chochote sasa," aliniambia. "Mwandikie. Macho yapo."

Alikuwa kwenye kiti kirefu, blanketi mapajani, mguu mmoja umekatwa chini ya goti. Aliniona, akacheka kwa furaha, akauliza habari za Majengo, za watoto, za mjomba. Niliandika majibu, akasoma, akatikisa kichwa. Binti alipokwenda jikoni, Bwana Samaki alisema kwa ile sauti yake ya chini:

"Fundi, kuna kitu sijakuuliza. Siku ile ya mwisho kule Lusewa. Ulisikia nini?"

Niliandika: *Kile kile ulichohisi wewe.*

Aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akavua miwani.

"Mimi sikuhisi kitu," alisema.

Nilidhani sikumwelewa. Akaendelea.

"Ugonjwa huu ulianza na vidole. Wakati tunakwenda Lusewa vilikuwa vimeshakufa, siku zote zile. Niliviweka pale kwenye spika, basi. Niliona aibu kukuambia, masikio yamekwenda na vidole vimekwenda. Nilikuwa nakutazama wewe usoni. Siku ya mamba nilikuona. Na siku ya mwisho nilikuona. Nikajua kipo. Nikasema hakipo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa nawaza miaka yote ile niliyokaa nikijiambia tulikuwa wawili.

"Kilikuwa kinakwendaje?" aliuliza. "Nionyeshe. Huku juu bado kuko hai."

Alikunja mkono wa shati, akaninyooshea mkono. Niliweka kalamu chini. Nikaweka kiganja changu juu ya kifundo chake, nikasukuma, polepole, kirefu, kuelekea kiwikoni. Nikapumzika kiasi cha pumzi moja. Nikasukuma tena, mpaka begani. Nikageuka. Nikaanza kurudi. Alikuwa amefumba macho. Nilipofika tena kiwikoni alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani anayo, akaushikilia usiendelee.

"Basi," alisema. "Basi, fundi."

Hakuniambia anafikiri ni nini. Nilimngoja aseme. Alimwita binti yake kwa sauti kubwa, mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akipaza sauti, na binti akaja mbio na mwiko mkononi.

"Mtandikie fundi alale hapa," alisema. "Asivuke kijito leo."

Binti alinitazama, akatazama nje. Mvua ilikuwa inakatika, na kijito kile hata kikijaa hakifiki magotini. Watoto wanakivuka kwenda shule. Alitaka kusema hivyo, nadhani, lakini akamwona baba yake usoni, akaniona na mimi.

Nikavua viatu, nikalala kwao.